Ufunguo wa Ghala: Hadithi ya Vita vya Kongo

Hadithi, hadithi!

Nimewasikia mnaitikia: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Leo utamu ukolee, lakini uwongo ubaki nje ya mlango. Hadithi ya leo ni ya kweli tupu. Ni ya jirani zetu wa Kongo, na vita vilivyowakumba mara tu walipopata uhuru, mwaka 1960.

Tayari mmoja wenu ameinua mkono. Anauliza: "Mjomba, watu wakipata uhuru si wanafurahi? Wanacheza ngoma, wanapika pilau. Sasa hao walipigania nini tena?"

Umeuliza vizuri, mpwa wangu. Umeuliza vizuri sana. Swali lako ndilo litakalotuongoza leo. Sogeeni karibu.

Fikirini nyumba kubwa. Ina ua mmoja na vyumba sita. Kongo ya mwaka 1960 ilikuwa na majimbo sita: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Kasai na Katanga. Hivyo ndivyo vyumba vyetu. Nyumba yenyewe ni kubwa kweli. Chukua Tanzania, ongeza Tanzania nyingine, bado Kongo inazishinda zote mbili. Ndani yake waliishi watu milioni 15 hivi. Walizungumza lugha zaidi ya 200. Upande wa mashariki, kutoka Kisangani kushuka hadi Lubumbashi, walizungumza Kiswahili, kama mimi na wewe.

Kila nyumba ina ghala. Ghala la nyumba hii lilikuwa chumba cha kusini kabisa, Katanga. Humo ardhini mlikuwa na shaba, kobalti na urani. Chumba cha jirani, Kasai, kilikuwa na almasi. Nyumba ilikuwa tajiri. Watoto wake walikuwa maskini.

"Mjomba, inakuwaje nyumba iwe tajiri na watoto wake wawe maskini?"

Ahaa! Sasa umefika mlangoni. Shikeni swali moja, msiliangushe njiani, maana nitalirudia: ufunguo wa ghala anao nani?

Ili tulijibu, nimemwita shahidi. Ni mzee kuliko mimi. Ni mzee kuliko babu wa babu yangu. Ni msalaba wa shaba wa Katanga. Mwacheni aseme.

"Asanteni, watoto. Mimi ni msalaba wa shaba. Sikutoka kanisani. Nilizaliwa kabla kanisa halijafika huku. Wahunzi wa Katanga walichimba mawe ya kijani. Wakayaweka kwenye tanuri la mkaa, wakavuta mivukuto, wakavuta tena, mpaka mawe yakatoa shaba nyekundu inayotiririka. Wakaimimina kwenye kalibu. Nilipopoa, nilikuwa na mikono minne iliyolingana, mizito kiganjani. Nilikuwa fedha. Walininunulia chumvi. Walininunulia nguo. Walinilipia mahari. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wenzangu wadogo wamefukuliwa kwenye makaburi ya mamia ya miaka, pamoja na waliozikwa nao. Nilipita mikono mingi, na kila mkono ulinijua.

"Halafu akaja Msiri. Asili yake ni Unyamwezi, huko kwenu Tanzania. Alijenga ufalme wake Bunkeya, akafanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1891 ukafika msafara wa Wazungu, umetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wapagazi wake wengi walikuwa wameandikishwa Zanzibar. Wakamwambia Msiri apandishe bendera ya mfalme wao. Msiri akakataa. Wakampiga risasi, akafa. Tangu siku ile, ufunguo wa ghala ukahama mkono."

Asante, mzee. Kaa hapo, bado tunakuhitaji.

Mmesikia, wapwa zangu? Leopold aliifanya Kongo mali yake mwenyewe, kuanzia mwaka 1885. Hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Watu walilazimishwa kugema mpira porini. Aliyeleta kidogo aliadhibiwa kikatili. Wengi sana walikufa. Dunia ikapiga kelele, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi nyumba kwa serikali ya Ubelgiji. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1906, ilikuwa imeundwa kampuni ya kuchimba shaba ya Katanga. Jina lake ni Union Minière du Haut-Katanga. Likumbukeni jina hilo.

Wabelgiji walijenga reli. Walijenga hospitali. Shule za msingi zilikuwa nyingi, hilo tuwape haki yao. Lakini mambo ya kuendesha nyumba waliyafungia kabatini. Mtoto wa nyumba alifundishwa kufagia ua, kuchota maji na kulima shamba. Daftari la matumizi hakuonyeshwa. Ufunguo wa ghala hakuugusa.

Hebu tuhesabu pamoja. Siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Katika nchi nzima! Jeshi lilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wapatao 1,000. Katika maofisa hao, Wakongo walikuwa wangapi? Kisieni. Hata mmoja hakuwepo. Mkongo alipanda cheo mpaka usajenti, akagota hapo.

"Mjomba, kwa nini hawakuwafundisha?"

Kwa sababu anayejua kuendesha nyumba yake hahitaji kuongozwa na mgeni. Mgeni akitaka kukaa milele, anamnyima mwenye nyumba kazi. Kisha anasema: mnaona? Huyu hajui kazi, acheni nibaki kidogo.

Lakini watu hawalali siku zote. Januari 1959 wananchi wa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, walifurika barabarani. Mwaka uliofuata viongozi wao wakaitwa Brussels kwa mazungumzo. Wakakubaliana tarehe: Juni 30, 1960. Ilikuwa imebaki miezi mitano tu! Mwanamuziki Grand Kallé akatunga wimbo wa furaha, Indépendance Cha Cha, ukapigwa redioni kila mahali. Watu wakacheza. Walikuwa na haki ya kucheza.

Siku ikafika. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akasimama kuhutubia. Akamsifu Leopold kwa kazi yake. Rais mpya, Joseph Kasa-Vubu, akajibu kwa upole. Kisha akasimama waziri mkuu, Patrice Lumumba. Zamani alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 34. Akaeleza mbele ya mfalme yale ambayo watu walikuwa wameyameza kimya: kazi ya kulazimishwa, matusi, vipigo vya asubuhi, mchana na jioni. Waliomsikiliza redioni wakashangilia. Wageni kadhaa kwenye viti vya mbele wakanuna.

Sasa wakati wa kushangilia ulikuwa mfupi mno. Ulidumu siku tano.

Julai 5, mkuu wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, aliwakusanya askari. Akachukua chaki. Akaandika ubaoni: kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru.

"Mjomba, ana maana gani?"

Ana maana hii: kwa raia mambo yamebadilika, lakini kwako wewe askari hakuna kitu. Bosi wako ni yuleyule. Cheo chako ni kilekile. Mshahara wako ni uleule. Hebu jiweke mahali pa yule sajenti. Jana umeimba uhuru. Leo umesoma ubao. Ungejisikiaje?

Askari wakaasi. Walianza Léopoldville na Thysville, maasi yakasambaa. Waliwapiga maofisa wao. Wengine wakawadhuru raia wa Kizungu, wanaume na wanawake, na hilo lilikuwa kosa kubwa, hata kama hasira ilikuwa na sababu. Wabelgiji kwa maelfu wakakimbia: madaktari, mahakimu, wahasibu. Nyumba ikabaki bila watu waliolijua daftari. Kisha Ubelgiji ikaleta askari wake bila kuombwa na serikali mpya.

Na katika vurugu hizo, Julai 11, siku ya kumi na moja tu baada ya uhuru, mlango wa ghala ukafungwa kwa ndani. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, akatangaza: sisi tumejitenga, Katanga sasa ni nchi.

Shahidi wetu anataka kusema.

"Nataka, ndiyo, maana siku hizo walinipa cheo. Walishona bendera nyekundu na nyeupe yenye mstari wa kijani. Wakanichora juu yake mara tatu. Wakatengeneza sarafu. Upande mmoja mkungu wa ndizi, upande wa pili mimi. Watu wakasema, tazameni, msalaba wa mababu umerudi! Nikafurahi kidogo. Halafu nikatazama huku na huku. Nani alikuwa akililisha jeshi la Katanga? Ushuru wa ile kampuni ya mwaka 1906. Nani alikuwa akiwafundisha askari wake? Maofisa wa Kibelgiji. Nani alikuwa akipigana mbele? Mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika, watu wanaopigana kwa malipo. Sura yangu ilikuwa kwenye bendera. Mimi mwenyewe sikuwa na mikono ya kushika ufunguo."

"Lakini mjomba, Tshombe alikosea nini? Shaba si ilikuwa chumbani kwake?"

Mpwa wangu, nimefurahi umeuliza hivyo. Usimhukumu mtu kabla ya kusikia lalamiko lake. Wakatanga wengi walisema: shaba inatoka kwetu, mbona fedha zake zinajenga kwingine? Lalamiko hilo lina uzito. Lilistahili kuletwa uani, watu wote wakae, wagawane kwa haki. Katika nyumba yenye mgawanyo mzuri, chumba chenye ghala hakipunjwi, na chumba kisicho na kitu hakilali njaa.

Lakini tazama lililotokea. Kwanza, hata Wakatanga wenyewe hawakuwa na neno moja. Kaskazini ya jimbo, Waluba wengi walikataa kujitenga, wakapigwa, vijiji vyao vikachomwa. Pili, watu wa asili ya Kasai waliofanya kazi migodini kwa miaka mingi waligeuzwa wageni. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu waliishi kambini pale Elisabethville, yaani Lubumbashi, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tatu, ukiuliza ufunguo wa ghala anao nani, jibu halikuwa Mkatanga wa kijijini.

Mwezi Agosti, Albert Kalonji akatangaza kwamba Kasai Kusini nayo ina serikali yake. Chumba cha almasi nacho kikafunga mlango. Wakimbizi walikuwa wamefurika huko, chakula kikawa hakitoshi, na njaa ikaua watu wengi, watoto wakiwa wa kwanza.

Lumumba akaomba msaada. Aliomba kwa Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama lilikubali Julai 14, na askari wakaanza kuingia kesho yake. Walitoka Ghana, Tunisia, Morocco, Ethiopia, Ireland, Sweden na kwingineko. Baadaye walikaribia 20,000. Lakini mwanzoni waliambiwa wasitumie nguvu kuufungua mlango wa Katanga. Lumumba akakasirika. Akageukia Urusi ya wakati ule, Shirikisho la Sovieti, ikampa ndege na malori.

Wapwa zangu, hapo pakaharibika zaidi. Enzi hizo Marekani na Sovieti walikuwa mahasimu. Uhasama wao uliitwa Vita Baridi. Kila mmoja alitaka nyumba za dunia zielekee upande wake. Na urani iliyotengenezea mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, mgodi wa Katanga! Marekani ikamwona Lumumba kuwa hatari. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza wazi kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limepanga kumwua kwa sumu.

Mnaona sasa? Ufunguo ulikuwa mmoja. Mikono iliyounyemelea ilikuwa mingi.

Na wakubwa wa nyumba wenyewe? Fahali wawili hawakai zizi moja. Septemba 5, 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Jioni ileile Lumumba akaenda redioni, akatangaza kwamba yeye ndiye amemfukuza Kasa-Vubu. Bunge likamtetea Lumumba. Nchi ikabaki imeduwaa, haijui imtii nani. Septemba 14 mkuu mpya wa jeshi, Kanali Joseph Mobutu, akasema wote wawili wakae pembeni. Mobutu huyu zamani alikuwa sajenti, kisha mwandishi wa habari. Lumumba alikuwa amemwamini.

Lumumba akafungiwa nyumbani kwake. Askari wa Umoja wa Mataifa walimzunguka kumlinda, na askari wa Mobutu wakawazunguka hao ili wamkamate akitoka. Novemba 27 usiku, mvua ikinyesha, akatoroka kwa gari. Alitaka kufika Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa wengi. Njiani watu walimsimamisha kila kijiji. Wanataka kumwona. Wanataka kumsikia. Naye hakuweza kuwanyima neno. Saa zikayeyuka. Wakafika Mto Sankuru. Akavuka kwanza. Alipogeuka, askari walikuwa wamewafikia mkewe Pauline na mtoto wao mdogo ng'ambo ya pili.

"Mjomba, akakimbia?"

Hapana. Wanaosimulia safari ile wanasema alirudi kwenye mtumbwi, akavuka tena kuwaendea. Akakamatwa.

Januari 17, 1961, alipelekwa kwa ndege mpaka Katanga, yeye na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huohuo wote watatu waliuawa, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Lumumba alikuwa na miaka 35. Habari ilipotoka, watu waliandamana katika miji mingi ya dunia.

Ukitaka kulia kidogo, lia. Si aibu. Kisha tuendelee, maana vita havikuishia hapo.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alipanda ndege kwenda kuzungumza na Tshombe. Ndege ikaanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Akafa yeye na wenzake. Baada ya mapigano zaidi, Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliyamaliza mambo ya Katanga. Bendera yenye misalaba mitatu ikashushwa.

"Nikashushwa," anasema shahidi wetu. "Lakini kampuni haikuhama. Treni za shaba ziliendelea kwenda. Niliyahesabu mabehewa mpaka nikachoka."

Na wananchi wa kawaida? Walikuwa wamengoja miaka mitatu. Walimu hawakulipwa. Bei zilipanda. Wakubwa wapya walipita na magari mapya. Watu wakaanza kunong'ona: huu uhuru wa kwanza umeliwa, tunataka uhuru wa pili. Mwaka 1964 Pierre Mulele akaongoza uasi kule Kwilu, magharibi. Mashariki wakainuka wapiganaji walioongozwa na watu kama Gaston Soumialot. Hao walijiita Simba. Ndiyo, kwa Kiswahili hichihichi.

Simba wengi walikuwa vijana, wengine watoto wa umri wenu. Waganga waliwachanja na kuwapa dawa. Waliambiwa risasi ikiwagusa itageuka maji. Wakaenda vitani wakipiga kelele, "Mai Mulele!" Askari wa serikali wakaamini nao, wakatupa bunduki wakakimbia. Agosti 1964 Simba waliingia Stanleyville.

"Mjomba, na risasi ziligeuka maji kweli?"

Hazikugeuka, mwanangu. Risasi ni risasi. Vijana wengi walikufa wakiwa na imani hiyo. Yeyote atakayekuambia wewe mtoto uende vitani, maana hutadhurika, huyo hakupendi.

Na Simba nao walifanya mabaya. Katika mji ule waliwaua makarani, walimu na watumishi wa serikali, wengine kwenye mnara wa kumbukumbu ya Lumumba. Pigeni hesabu hiyo kwa uchungu. Nchi iliyonyimwa wasomi miaka yote, sasa inawaua wale wachache iliowapata. Upande wa pili, serikali ilikuwa imemleta nani awe waziri mkuu? Tshombe, yuleyule! Akaja na mamluki wake, nao wakachoma vijiji na kuua watu wasio na hatia. Novemba 24, 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa Stanleyville kutoka kwenye ndege za Marekani, kuwaokoa Wazungu walioshikwa mateka na Simba. Mji ukachukuliwa. Damu ikamwagika pande zote. Familia nyingi zikavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na kufika Kigoma, zikapokewa.

Ziwa hilohilo lilivukwa kwa upande wa pili. Aprili 1965 Che Guevara, mpiganaji maarufu wa Cuba, alitoka Kigoma usiku kwenda kuwasaidia waasi. Ili wasijulikane, yeye na wenzake walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili. Kulikuwa na Moja, kulikuwa na Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Alikaa miezi saba hivi, akaondoka bila ushindi. Viongozi wa waasi walikuwa wakigombana wao kwa wao, na wengi walikaa mbali na uwanja wa vita.

Novemba 24, 1965, Mobutu alichukua nchi yote kwa nguvu za jeshi. Wengi walikuwa wamechoka. Watu 100,000 hivi walikuwa wamekufa katika miaka hiyo mitano, kwa makadirio yanayotajwa sana. Mobutu akasema, sasa amani.

"Basi, mjomba, na ufunguo wa ghala?"

Loo! Umelikumbuka swali! Mpwa wangu, wewe utafika mbali.

Mobutu aliutwaa. Mwaka 1967 ile kampuni ikawa mali ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Watu walishangilia tena. Lakini ufunguo ulikwenda mfukoni mwa mtu mmoja na rafiki zake. Walijenga majumba ya kifahari, wakati shule zilikosa madawati. Mobutu alitawala hadi mwaka 1997. Kwa hiyo nyumba ilikuwa imepitia wenye ufunguo wengi: mfalme, serikali ya kigeni, kampuni, kiongozi wa chumba kimoja, mkuu wa jeshi. Watoto wa nyumba hawakuwahi kukaa uani wakaamua pamoja.

Na Lumumba? Mwili wake uliharibiwa ili asiwe na kaburi. Kilichobaki kilikuwa jino lake, lililopelekwa Ubelgiji na polisi mmoja wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuficha uovu ule. Binti yake aliandika kuliomba. Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha kwa familia, likazungushwa nchini, likazikwa Kinshasa siku ya uhuru, Juni 30. Ilichukua miaka 61 kumzika mtu.

Sasa nirudi kwa yule aliyeinua mkono mwanzo. Uliuliza walipigania nini tena. Mtu akikuambia kwamba Wakongo walipigana kwa sababu makabila yao hayapatani, mwambie asubiri. Mwambie habari ya shahada zisizofika 30. Mwambie habari ya jeshi lisilo na ofisa hata mmoja wa nyumbani. Mwambie habari ya ubao wa Jenerali Janssens. Kisha muulize ufunguo wa ghala alikuwa nao nani. Watu walikabidhiwa nyumba bila kufundishwa kazi yake, na ghala likabaki kwa wengine. Viongozi wao nao walikosea. Walikosa subira, walikosa kusikilizana, wengine walipenda cheo kuliko watu. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na ninyi mna akili za kuyabeba yote.

"Mjomba, leo Kongo imepona?"

Bado, wanangu. Mashariki ya Kongo watu wangali wanakimbia bunduki, na ghala lingali linagombewa. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na kobalti hutiwa kwenye betri za simu na magari ya umeme. Tanzania ina dhahabu na gesi. Uganda na Kenya zina mafuta. Kila nyumba katika ujirani wetu ina ghala lake.

"Basi sisi watoto tufanye nini?"

Jifunzeni kazi ya nyumba. Wewe unayependa kuvunja mawe na kuyachungulia, soma jiolojia. Wewe unayehesabu chenji ya dukani mpaka senti ya mwisho, soma uhasibu. Wewe unayebishana na kaka yako usiku kucha, soma sheria, maana mikataba ya madini huandikwa kwa maneno marefu, na lazima awepo mtu wetu wa kuisoma ukurasa kwa ukurasa kabla haijatiwa saini. Wewe unayewapatanisha wenzako wakigombania mpira, wewe ndiye tunayekuhitaji kuliko wote. Kongo ya mwaka 1960 iliwakosa watu hao kwa sababu ilinyimwa. Ninyi hamjanyimwa. Kesho asubuhi shule iko wazi.